Kubadilisha hita ya maji nyumbani: kazi ya bomba mwenye nyumba anaiweza, lakini kwanza ayajue maji yake

Mkaazi wa Ng'ambo (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kipupwe kimeingia, na kila mwaka ukifika wakati huu watu wengi hapa mjini hugundua kwamba hita iliyokuwa ikipasha maji vizuri mwaka jana sasa inavuja, inanguruma, au inakata umeme wa nyumba nzima. Fundi akiitwa hutoa ile ya zamani, hutundika mpya palepale kwa vifaa vilevile, hupokea ujira wake na kuondoka, na baada ya muda mfupi mwenye nyumba hurudi dukani kununua nyengine. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini kwamba sehemu ya bomba ya kazi hii inaweza kufanywa na mwenye nyumba mwenyewe, tena kwa uangalifu mkubwa zaidi kuliko wa fundi mwenye haraka, ila ni lazima aelewe kwanza ni kitu gani kilichoiua hita ya zamani. Nazungumzia hita ya umeme yenye tangi, ile ya lita 30, 50 au 80 inayotundikwa ukutani, si ile ndogo ya kwenye shawa.

Kinachoziua hita zetu ni maji. Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya miamba ya matumbawe, na maji tunayovuta chini ya ardhi yamepita ndani ya chokaa hiyo na kuiyeyusha njiani. Maji hayo yakiwa baridi huibeba chokaa bila ya wewe kuiona, lakini yakipashwa moto huitema, ikaganda juu ya elementi, yaani kile chuma cha ndani kinachopasha maji, na kujaa chini ya tangi. Asiyeamini na alitazame birika lake kwa ndani. Ule ukoga mweupe mgumu unaobanduka vipande vipande ndio uliomo ndani ya hita, isipokuwa kwenye hita hakuna anayeusugua. Chokaa haipitishi moto vizuri, kwa hiyo elementi iliyofunikwa nayo huwaka ndani ya ganda lake, hupata joto kupita kiasi na mwisho hupasuka. Ile ngurumo inayosikika ni maji yanayochemka chini ya tabaka la chokaa.

Wenye visima karibu na pwani wana tatizo la pili, nalo ni chumvi. Bahari huingia chini kwa chini pale kisima kinapovutwa kuliko kinavyojazwa na mvua, na chumvi hiyo hula chuma. Hapa niseme jambo linalowashangaza wengi: tangi la chuma cha pua la kawaida, ambalo wauzaji hulisifu kuwa halishiki kutu, si chaguo zuri kwa maji ya chumvi, kwa sababu chumvi hulitoboa kwa vidoa vidogo vidogo, hasa pembeni mwa mshono wa kuchomelea. Kwa maji kama hayo naliamini zaidi tangi la chuma lililopakwa kauri kwa ndani na lenye fimbo ya magnesiamu. Fimbo hiyo imewekwa ili iliwe yenyewe badala ya tangi, na ikimalizika, chuma ndicho kinachofuata kuliwa. Watu wanaotumia hita hadi inakufa bila ya kujua kwamba kuna fimbo ndani yake ni wengi mno, na jambo hilo hunisikitisha kwa sababu fimbo ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na hita nzima.

Sasa kazi yenyewe. Zima umeme kwenye breka ya hita, si kwenye swichi ya bafuni pekee, na mtu mwenye tesita athibitishe kwamba waya hazina umeme kabla hujagusa chochote. Funga koki ya maji baridi yanayoingia. Fungua mfereji wa maji ya moto ili hewa iingie kupitia juu, kisha nyanyua kile kikono cha vali ya usalama (kifaa kinachotoa maji msukumo ukizidi) maji yatoke kwa mpira hadi kwenye ndoo au kwenye shimo la maji machafu. Kama maji yalikuwa ya moto, yasubiri yapoe. Tangi lililojaa chokaa halitoki maji yote, na uzito wake ni mkubwa kuliko ulivyodhani, kwa hiyo wakati wa kulishusha wawepo watu wawili.

Njia za maji ni mbili: upande wenye alama ya buluu ni wa kuingia na wenye alama nyekundu ni wa kutoka, na kwa kawaida zote ni za nusu inchi. Kwenye upande wa buluu, moja kwa moja kwenye mdomo wa tangi, ndipo inapofungwa vali ya usalama, na mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye tangi. Kati ya vali hiyo na tangi pasiwe na koki ya aina yoyote. Koki ya kufungia maji iwe kabla ya vali. Pande zote mbili weka yunioni, ili siku ya kuisafisha au kuibadilisha hita usilazimike kukata bomba. Meno yafunge kwa tefloni, ukiizungusha kufuata upande wa kukazia na si kinyume chake, kwani ukiizungusha kinyume itavuka wakati unakaza. Mafundi wa zamani hutumia katani iliyopakwa mafuta maalumu, nayo ni nzuri sana kwenye meno ya chuma mradi isizidishwe.

Ukishafunga kila kitu, jaza tangi huku mfereji wa maji ya moto ukiwa wazi, na usiufunge mpaka maji yatoke mfululizo bila ya kutema hewa. Kagua kila kiungo kwa kidole kikavu. Hadi hapo umeme bado umezimwa. Hita ikiwashwa ikiwa tupu, elementi huungua mara moja.

Sehemu ya umeme naiacha kwa fundi wa umeme mwenye leseni, na katika hilo sina mjadala. Karibuni tusaidiane.

Kibaraza cha Shangani

Waalaykum salaam ndugu yangu, na ahsante kwa maelezo. Nina swali moja kuhusu ukuta. Nyumba yetu ni ya urithi, iko Mji Mkongwe, na kuta zake ni za mawe na chokaa, nene karibu kama urefu wa mkono. Hita iliyopita ilitundikwa kwa skrubu na fisha za plastiki, na tulipoishusha tulikuta matundu yamekuwa mapango, na chokaa inamwagika kama mchanga. Hiyo mpya tuitundike wapi?

Mkaazi wa Ng'ambo

Sheikh, swali lako ni zito kuliko linavyoonekana. Hita ya lita 50 ikijaa maji hufika kilo 65 hadi 70, kwa sababu maji peke yake ni kilo 50. Ukuta wa Mji Mkongwe si tofali wala zege. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa ndani ya udongo na chokaa, na nguvu yake iko kwenye unene na kwenye uzito unaoshuka kwenda chini. Ukiuvuta kwa mbele kwa skrubu fupi, unaning'iniza uzito huo wote kwenye lipu. Fisha ya plastiki haina pa kung'ang'ania.

Njia ninazozikubali ni mbili. Ya kwanza ni kutoboa ukuta mpaka upande wa pili na kupitisha fito za chuma zenye meno, za milimita 10, kisha upande wa nyuma kuweka bamba la chuma ambalo nati hukazwa juu yake, ili uzito ugawike kwenye eneo kubwa. Chuma hicho kiwe kimepakwa zinki nzito au kiwe cha pua, kwa maana ukuta wa chokaa hushika unyevu na chumvi. Toboa kwa mzunguko mtupu, bila ya kugongesha, kwani drili ikigonga hulegeza mawe ya jirani. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda zaidi kwa nyumba za urithi, ni kutengeneza fremu ya chuma inayosimama sakafuni karibu na ukuta na kuibebesha fremu hiyo uzito wote, huku ukuta ukishikwa kidogo tu ili fremu isiyumbe. Hapo angalia sakafu ya ghorofani: imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti iliyokaa miaka mingi karibu na bafu huenda imeoza ncha zake pale zinapoingia ukutani. Isimamishe fremu karibu na ukuta, si katikati ya chumba.

Matundu ya zamani yazibe kwa chokaa, si kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, na lipu ya jirani yake itaanza kubanduka. Na bomba la kutolea maji ya vali usilitokeze kwenye uso wa nyumba unaotazama njia, kwa sababu nyumba zilizomo ndani ya eneo la urithi wa dunia, lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, mabadiliko ya nje yake yanahitaji idhini ya mamlaka ya Mji Mkongwe.

Mtu wa Kwerekwe

Mimi hita yangu ni mpya, lakini vali yake inadondosha maji kila inapowashwa. Fundi niliyemwita alisema vali ni mbovu, akaitia kizibo pale panapodondosha, na sasa hakuna hata tone. Je, alifanya sawa?

Mkaazi wa Ng'ambo

Ndugu yangu, tafadhali nenda sasa hivi ukazime breka ya hita hiyo, kisha urudi kusoma.

Maji yakipashwa hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 28 hadi nyuzi 60 huongezeka kwa zaidi ya nusu lita, na nusu lita hiyo haina pa kwenda, kwa sababu mifereji imefungwa na vali yenyewe ina ulimi ndani unaozuia maji yasirudi nyuma. Kwa hiyo vali huyatoa kidogo kidogo nje. Matone unayoyaona wakati wa kupasha ni dalili ya kwamba vali inafanya kazi iliyowekewa. Ukiiziba, msukumo hupanda kila unapowasha hita, hutanua tangi na kuyachosha maungio yake, na hapo thamostati, yaani kifaa kinachokata umeme maji yakifika moto uliowekwa, bado ni nzima.

Siku thamostati ikigoma kukata, na thamostati hugoma, elementi itaendelea kupasha. Maji yaliyofungiwa hayachemki kwa nyuzi 100; hubaki maji, yakizidi kupata moto huku msukumo ukipanda. Tangi likipasuka hapo, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja, na mvuke huchukua nafasi ambayo ni zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Hita iliyopasuka namna hiyo hubomoa ukuta na kuua aliyemo chumbani. Vali za hita hizi kwa kawaida hufunguka msukumo ukifika bar 7 au 8 (bar ni kipimo cha msukumo), kama ilivyoandikwa juu yake, na ndiyo kinga pekee iliyobaki baada ya thamostati na kikata-joto chake kushindwa.

Toa kizibo. Funga mpira mwembamba pale panapodondosha, uushushe hadi kwenye shimo la maji au ndoo, na ncha yake ibaki wazi. Kila mwezi nyanyua kile kikono kidogo maji yatoke, ili chokaa isije ikaugandisha ulimi wake. Kama vali inadondosha mchana na usiku hata hita ikiwa baridi, basi ama ina uchafu ndani, na kuifungua mara kadhaa huenda kukausafisha, ama msukumo wa pampu yako ni mkubwa kupita kiasi, na dawa yake ni koki ya kupunguza msukumo kwenye bomba linaloingia nyumbani. Vali mpya ni bei ndogo, na hata hita mpya isipewe vali ya zamani.

Mtu wa Kwerekwe

Nimezima. Kizibo nimekitoa kwa spana na maji yalitoka kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Vali mpya nitainunua kesho in shaa Allah. Jirani yangu alifungiwa na fundi huyohuyo, naenda kumwambia.

Fundi wa Wete

Naongezea kutoka Pemba. Huku kwetu nyumba nyingi hazina pampu. Maji ya mfereji yanapopatikana hupanda kwenye tangi la plastiki lililo juu ya paa au juu ya mnara, kisha hushuka kwa uzito wake. Mita 10 za kimo ndizo zinazotoa bar 1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya shawa linatoa bar 0.3 tu. Hita ya tangi hufanya kazi kwa msukumo huo, ila mambo mawili yaangaliwe. Bomba la kutoka kwenye tangi la juu hadi kwenye hita liwe la milimita 25, na nusu inchi ianzie kwenye hita tu, maana kila kona nyembamba hula msukumo mdogo ulionao. Na bomba lisipande na kushuka njiani kama nundu, kwa sababu hewa hukaa juu ya nundu na kuyazuia maji kabisa. Nimeitwa mara nyingi kwenye nyumba ambazo mwenyewe anadhani hita imekufa, kumbe hewa imekaa kwenye bomba.

Zile hita ndogo za kwenye shawa zisizo na tangi zinahitaji msukumo ili ziwake, na kwa maji ya kushuka mara nyingi haziwaki, au huwaka na kuzima. Isitoshe zinakula umeme mwingi kwa mara moja. Hita ya shawa ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 24, wakati ya tangi ya kilowati 1.5 haifiki hata 7.

Waya Mwekundu

Mimi ni fundi wa umeme, na namshukuru mwenye uzi kwa kuiacha sehemu yetu kwetu. Lakini mwenye nyumba ajue cha kudai. Adai waya wake mwenyewe kutoka kwenye boksi la breka, usiogawana na soketi za chumbani. Kwa hita ya hadi kilowati 2, waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha, na kwa kilowati 3 nashauri milimita 4. Adai swichi yenye taa inayokata waya zote mbili, iwekwe nje ya bafu. Adai kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Na adai waya wa athi uliofika kweli ardhini, kwa kupimwa na si kwa kutazamwa, maana nimefungua soketi za majumbani nikakuta waya wa kijani na manjano umefungwa vizuri kwenye soketi lakini upande wa pili umekatwa na kuachwa hewani.

Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe na mchanga ni mbaya kwa athi, hasa wakati wa kiangazi inapokauka. Fito moja fupi huenda isitoshe, na pengine zinahitajika mbili au tatu zilizounganishwa. Elementi ikipasuka kwa chokaa, umeme huingia kwenye maji, na aliye chini ya shawa ndiye anayeupokea ikiwa athi haipo. Kama breka yako ya kuvuja inakata kila ukiwasha hita, usimruhusu mtu yeyote aiondoe ili "umeme ukae". Mara nyingi inakuambia kwamba elementi imepasuka.

Mzazi wa Kwahani

Nimefuatilia kwa makini. Nyumbani kwetu tuna mzazi ambaye bado yumo katika arobaini yake, anaogeshwa maji ya moto kila siku, na tuna watoto wadogo wanaopenda kufungua mifereji. Mume wangu anataka kuiweka hita nyuzi 75 ili maji yatoshe. Mnasemaje?

Mkaazi wa Ng'ambo

Hongereni dada, na Mwenyezi Mungu amkuze mtoto. Nyuzi 75 sikubaliani nazo kwa sababu mbili. Kwanza, maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, na ngozi ya mtoto ni laini zaidi, kwa hiyo kwa nyuzi 75 huwezi hata kuwahi kumvuta mtoto. Pili, jinsi maji yanavyozidi moto ndivyo chokaa inavyozidi kuganda, na juu ya nyuzi 60 hali huharibika haraka. Iwekeni nyuzi 60. Chini ya hapo sana napo si vizuri, kwa kuwa kuna bakteria wanaozaliana kwenye maji ya vuguvugu yaliyokaa ndani ya tangi, na huumiza mapafu ya wazee na wagonjwa wanapovuta ule mvuke wa shawa.

Kwa kuogesha, tieni maji baridi kwanza kwenye ndoo kisha muongeze ya moto, msifanye kinyume chake. Kwa usalama wa watoto, ipo koki ya kuchanganyia yenye thamostati yake, inayofungwa kwenye bomba la kutoka na kuyashusha maji hadi kiwango ulichochagua kabla hayajafika mferejini. Kama hamwezi kuipata, basi mfereji wa maji ya moto ulio chini, mtoto anapoufikia, uondoeni kabisa. Na kuhusu kutosha: kupasha lita 50 kutoka nyuzi 28 hadi 60 kunahitaji karibu yuniti 1.9 za umeme, na hita ya kilowati 1.5 itachukua kama saa moja na robo. Ni afadhali kuiwasha mapema kuliko kuipandisha moto.

Msafiri wa Makunduchi

Mimi niliishi Uingereza miaka mingi, na huko nilikuwa nikibadilisha radieta za nyumbani kwangu mwenyewe, kwa hiyo kazi hii nimeiona kwa sura nyengine. Radieta ni bamba la chuma lenye maji ya moto ndani, linalotundikwa ukutani ili lipashe hewa ya chumba. Unafunga koki zake mbili, na ile ya upande wa kurudi unahesabu mizunguko unapoifunga ili uifungue kwa kiasi kilekile, kwa sababu ndiyo inayogawa moto sawasawa baina ya vyumba. Unafungua nati juu ya sinia, unamwaga maji, unalinyanyua bamba kwenye ndoano zake, unatundika jipya, unakaza, unafungua maji, kisha kwa ufunguo mdogo unatoa hewa iliyobaki juu mpaka maji yatoke. Mwisho unatazama geji ya boila, mtambo unaopasha maji hayo, na kwa kawaida inatakiwa isome baina ya bar 1 na 1.5 mfumo ukiwa baridi. Sheria ya huko inamruhusu mwenye nyumba kufanya hayo, lakini boila ya gesi haruhusiwi kuigusa mpaka awe fundi aliyesajiliwa.

Nilichotaka kusema ni tofauti moja. Maji ya radieta ni yaleyale yanayozunguka mwaka hadi mwaka, yakiwa na dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo chokaa yake ikishaganda kidogo haiongezeki. Adui wa radieta ni tope jeusi la kutu linalokaa chini na kuiacha sehemu ya chini ya bamba ikiwa baridi. Hita yetu hapa hupokea maji mapya kila mtu anapooga, na kila maji mapya huja na chokaa yake. Kwa hiyo wale wanaoiga desturi ya huko ya kufunga na kusahau watapata hasara hapa.

Fundi wa Wete

Maneno yako ni sahihi kabisa, maalim. Naomba niseme kidogo kuhusu bomba za plastiki za PPR, kwa kuwa sasa ndizo zilizojaa madukani, Darajani na Mwanakwerekwe hata Chake Chake, na watu huzichomelea wenyewe. Mashine iwe nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, likatolewa na kusukumwa moja kwa moja bila ya kuzungushwa, kisha likashikwa likatulia. Anayelipasha zaidi akidhani anaimarisha kiungo huyeyusha plastiki ikaziba njia ya ndani, na tatizo hilo halionekani kwa nje. Kwa maji ya moto nunua lenye alama ya PN20 (daraja la msukumo linaoustahimili) au zaidi, na bora zaidi ni lile lenye tabaka la alumini katikati. PPR tupu hutanuka karibu milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo bomba la mita 3 likipata moto wa nyuzi 32 zaidi huongezeka karibu sentimita moja na nusu. Ukilibana kwa saruji pande zote litapinda au litavuta kiungo. Bomba la PVC ya kawaida lisitumike kabisa kwenye maji ya moto, kwa sababu hulainika.

Kibaraza cha Shangani

Tumekubaliana nyumbani kuhusu fremu ya sakafuni. Swali langu la mwisho: hiyo fimbo ya magnesiamu tuiangalie baada ya muda gani, na tunaifikiaje?

Mkaazi wa Ng'ambo

Kwa maji ya Mji Mkongwe, ifungue baada ya mwaka wa kwanza, kisha jinsi ulivyoikuta ndiyo itakayokuambia ungoje muda gani mara nyengine. Ikibaki chini ya nusu ya unene wake, au ukiona waya wa katikati umejitokeza, badilisha. Kwenye hita nyingi fimbo imefungwa kwenye flanji (bamba la kufungia lenye boliti) ileile ya elementi, chini ya kifuniko cha plastiki, kwa hiyo umeme uzimwe na fundi wa umeme azitoe waya kwanza. Mwaga maji yote, legeza boliti za flanji, na vuta elementi na fimbo kwa pamoja.

Fursa hiyo itumie kutoa chokaa iliyojaa chini ya tangi kwa mkono, kisha tumbukiza elementi kwenye siki au maji ya asidi ya limau hadi ukoga ulainike. Usiikwangue kwa kisu, maana ukiuchuna mfuniko wake wa chuma umeiharibu, na usichanganye asidi yoyote na dawa ya klorini, kwani hutoa gesi ya sumu. Wakati wa kurudisha, mpira wa flanji uwe mpya kila mara, kwa sababu wa zamani umeshashika umbo la pale ulipobanwa na hautaziba tena. Boliti zikaze kwa kupishana, ya upande huu kisha ya upande unaoielekea, kidogo kidogo. Jaza maji, acha tangi likae limejaa usiku mzima bila ya umeme, na asubuhi pitisha karatasi kavu kuzunguka flanji. Ikirowa, kaza kidogo tena na usubiri. Ikibaki kavu, mwite fundi wa umeme arudishe waya.

Picha za fremu mkishaitengeneza zileteni hapa, kwani nyumba za mawe zenye shida kama yenu ni nyingi huko Mji Mkongwe.